Vidonge vya Juu ya Kabati

Jumatatu, 11 Septemba 1978

Wakaaji wote wa Kadutu, wanaume kwa wanawake, wanatangaziwa kwamba leo asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, kifungo cha tatu cha abacost, koti letu la kitaifa, ya Citoyen Philémon kilikubali kuingia katika tundu lake baada ya mazungumzo ya dakika kumi na moja. Pande zote mbili zilionyesha uvumilivu. Hakuna aliyejeruhiwa. Mke wa mhusika, Maman Séraphine, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwavuli, alitoa hotuba fupi: "Uko unafunga nguo ao unafunga ndoa?"

Philémon ni jina la ubatizo ambalo serikali ilinivua mwaka wa sabini na mbili, ilipokataza majina ya kizungu. Kwenye karatasi mimi ni Citoyen, yaani Mwananchi, Balagizi. Nyumbani na kazini barua hiyo haijafika.

Daftari hili sikulianza kwa mapenzi yangu. Nimeagizwa na daktari Bulonza. Huyo Bulonza mimi ndiye niliyempiga sindano ya pensilini akiwa na miaka sita, akanikojolea koti. Sasa amesoma Kinshasa, amesoma Ubelgiji, na mwezi wa nane alilipiza kisasi. Alinitembeza mbele yake kama mbuzi wa sokoni, akanikunja viwiko, akaniambia nigonganishe vidole, kisha akasema nina ugonjwa wa Parkinson.

"Papa," akasema, "dawa iko. Inaitwa levodopa, na nimekuagizia. Tuangalie sasa tutaanza lini."

"Juu ya nini tusianze leo?"

"Juu ukianza, miaka tano, sita, itakutumikia muzuri sana. Kisha inaanza kukuchezea. Inashika saa mbili, inazima, mwili unajinyonganyonga wenyewe. Kule Ulaya wakubwa bado banabishana. Wengine banasema anza mara moja, wengine banasema ngoja. Miye nasema hivi: siku ugonjwa utagusa kazi yako, siku ile hakuna tena mubishano."

Kazi yangu ni uuguzi, mimi ni infirmier. Miaka ishirini na sita nimepiga sindano katika dispensaire moja, zahanati ndogo chini ya mteremko, na watu wa huku waliniita Mukono wa Pamba. Mtoto alikuwa anaweza kuuliza "Bado?" wakati sindano imekwisha kutoka.

"Andika kila siku mukono umefanya nini," Bulonza akasema. "Noeli tutasoma pamoja, tutaamua."

Boksi la vidonge lilifika wiki ile ile. Nimeliweka juu ya kabati, nyuma ya sufuria kubwa. Halijafunguliwa.

Jumanne, 12 Septemba

Mvua ya kwanza. Mkono: salama.

Jumatano, 13 Septemba

Mvua. Mkono: salama. (Séraphine anasoma juu ya bega langu na anacheka kwa pua.)

Jumamosi, 16 Septemba

Salongo. Ni kazi ya lazima tuliyopewa na serikali; mtaa mzima tulizibua mifereji kabla mvua haijatushushia mlima nyumbani. Nilichimba kama kijana. Mkono wangu wa kushoto una tabia ya askari: ukipewa kazi unatulia, ukikaa bure ndipo unaleta fujo. Nilipoegemea jembe kupumzika ukaanza. Jirani akauliza: "Philémon, unapigia nani ngoma?" Nikamwambia napigia mkwe wake. Tukacheka wote. Mimi nilicheka kuliko wote, nikaurudisha mfukoni.

Jumatano, 20 Septemba

Niandike habari za Bibiane, kwa kuwa daktari hamjui. Ni mkunga wetu, mjane, miaka arobaini na kitu, mdomo kama wembe. Yeye na mimi tumegawana dispensaire ile miaka kumi na miwili. Kila saa nne ananiletea chai. Kwetu mwenye kutoa kinywaji huonja kwanza, mbele ya macho ya watu, ili ijulikane kwamba hakuna sumu. Bibiane alikuwa akionja kwa kelele kabisa, wagonjwa wote wa kwenye benchi wamsikie, kisha anasema: "Nikikufa, mujue ni sukari."

Tangu mwezi wa saba amebadilisha. Sasa anakileta kikombe nyuma ya pazia la sindano, na kimejaa nusu tu.

"Nusu kikombe?" nikamwuliza leo. "Nimekuwa mutoto wa kunyonya?"

"Kikijaa, papa, nusu utakunywa wewe, nusu itakunywa suruali yako. Na batu wa benchi wataangalia bure."

Halafu kuna kitabu cha wagonjwa. Sheria yetu ni moja, imebandikwa ukutani: aliyepiga sindano ndiye anayeandika, na mwandiko wake ndiyo sahihi yake. Lakini mkono wa kushoto, unaoshika karatasi, unacheza, na mistari yangu imekuwa milima. Basi mimi napiga, Bibiane anaandika. Hakuna aliyeagiza iwe hivyo. Siku moja alivuta kitabu upande wake, basi.

Mkono: salama.

Ijumaa, 29 Septemba

Redio imesema Papa wa Roma amekufa. Nikamwambia Séraphine, hawa watu wa redio wamechelewa, alikufa mwezi wa nane. Akasema: "Huyu ni mwingine."

Jumanne, 3 Oktoba

Nimekasirika, na hasira yangu ina haki.

Séraphine alishusha boksi, akaliweka mezani kati ya ugali na sombe, kama mgeni wa heshima.

"Leo," akasema.

"Daktari amesema tungoje."

"Daktari amesema ungoje kama kazi haijaguswa."

"Haijaguswa."

"Philémon, jana umeshindwa kukata nyama."

"Sikuajiriwa kukata nyama."

Nikamfanyia hesabu, taratibu, kama kwa mtoto wa shule. Nina miaka hamsini na mmoja. Pansheni ni miaka sitini. Delphine, mtoto wetu wa mwisho, yuko darasa la nne. Dawa inatumika vizuri miaka mitano, tuseme sita. Nikianza leo, itaniacha njiani nikiwa na hamsini na saba, ninajinyonganyonga mbele ya wagonjwa, na Delphine hajamaliza sekondari. Nikingoja miaka mitatu, nafika. Mimi si mwoga, mimi ni mtu wa kupanga.

"Wewe ni kama mama anayetunza kitenge cha sikukuu," akasema. "Anatunza, anatunza, mpaka panya wanakivaa mbele yake."

Nikapiga meza kwa mkono wa kuume. Wa kushoto nao ukaanza kupiga meza kwa nafsi yake, bila ruhusa, na ukaendelea wakati mimi nimekwisha nyamaza. Delphine akacheka, kisha akaona uso wa mama yake, akaacha. Nimechoka na nyumba ambamo mtu hawezi hata kukasirika peke yake.

Boksi limerudi juu ya kabati.

Jumapili, 8 Oktoba

Yaya Polycarpe, kaka yangu mkubwa, ameshuka kutoka Walungu na chupa ya majani ya kutapisha sumu. Nani alimwita? Séraphine anaangalia dari.

Polycarpe hataki kusikia habari za Parkinson. Anasema hajawahi kukutana na ukoo huo.

"Miti haitikisike bila upepo," akasema. "Nani iko nakupa kinywaji kila siku?"

"Séraphine."

"Inje ya nyumba."

"Bibiane. Chai ya saa ine."

"Anaonja?"

Hapo nilipaswa kusema maneno machache tu: ananiletea nyuma ya pazia kwa sababu natetemeka, na hataki watu wanione. Lakini Séraphine alikuwa amekaa pale, na sentensi hiyo ingemwambia kwamba kazi imekwisha guswa.

"Siku hizi analeta nyuma ya pazia," nikasema.

Polycarpe akamtazama Séraphine. Séraphine akamtazama Polycarpe. Nami nikacheka. Niandike wazi: nilicheka, sikukataa.

Nikanywa majani yake ili anyamaze. Nimetapika mara nne nyuma ya nyumba, mvua ikinipiga mgongoni, yaya akinishika kiuno na kuchungulia kila kilichotoka kama fundi wa saa. Sumu haikuonekana. Kilichoonekana ni ugali wa mchana na heshima yangu.

Jumatatu, 9 Oktoba

Sikwenda kazini kwa sababu ya majani ya yaya. Juu mvua, chini mvua.

Jumanne, 17 Oktoba

Papa mpya tena. Huyu ni wa Poland. Séraphine anasema tusiharakishe kujifunza jina lake.

Ijumaa, 20 Oktoba

Habari zimeshuka Kadutu haraka kuliko maji. Leo mwanamke mwenye uchungu alifika, akamwona Bibiane anavaa glavu, akashika njia akarudi nyumbani akiwa ameinama. Mama yake alisema kwa sauti: "Hatuzalishwe na mukono unaoficha chai."

Bibiane akavua glavu, moja, kisha nyingine. Akaja kwangu.

"Papa, umesikia wanavyosema?"

"Batu ni wajinga."

"Ndiyo, ni wajinga. Utawaambia?"

"Nitawaambia."

Sikuwaambia. Nimekasirika na yaya, nimekasirika na mji huu ambao mtu akikohoa wanatafuta jirani wa kumfunga. Miaka hamsini ya dispensaire na shule, na bado tunatafuta mchawi ndani ya birika! Nimetembea chumbani nikisema hayo yote kwa ukuta. Ukuta umekubali.

Jumanne, 24 Oktoba

Kwa daktari. Alinikunja viwiko tena. Akafungua daftari hili, akasoma "salama, salama, salama", akacheka kidogo alipofika kwenye kifungo.

"Na kazi, papa? Sindano?"

"Kazi iko salama."

"Hakika?"

"Bulonza, nilikupiga sindano ukiwa hauna meno ya mbele. Ulisikia kitu?"

Akacheka sana. Akaandika: tungoje.

Jumanne, 7 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Malaria imejaza benchi zote. Wagonjwa themanini na wanne. Mkono: salama. Hakuna la kuandika.

Jumatatu, 13 Novemba

Mama mmoja, Eulalie, anayebeba mizigo ya mihogo kutoka Kabare hadi soko la Kadutu kwa kamba ya kipaji cha uso, ameletwa leo na dada yake. Homa yake imekwisha. Lakini mguu wa kuume hauinuki. Kidole gumba kinakwaruza chini. Ameburuta ndala mpaka ukingo wa ndala umekatika. Kila muuguzi anaujua mguu huo. Ni kinini, dawa ya malaria, iliyopigwa mahali pabaya, kwenye mshipa wa fahamu.

Chef wetu, mkuu wa dispensaire, Citoyen Floribert, akafungua kitabu mbele ya wote. Tarehe saba. Eulalie, kinini, tako la kuume. Mwandiko wa Bibiane.

"Mama, ni nani alikupiga sindano?" Floribert akauliza.

"Nilikuwa nimelala kifudifudi, homa imenipanda kichwani. Niliona sakafu tu."

"Bibiane?"

"Niliandika," Bibiane akasema. "Kuandika si kupiga."

"Hapa aliyeandika ndiye alipiga. Unajua kusoma ukuta?"

"Papa Philémon yuko pale. Aseme."

Nikasema siku ile wagonjwa walikuwa wengi na sikumbuki vizuri. Dada yake Eulalie akatema mate mlangoni: "Ni yule yule wa chai." Benchi zima likanung'unika. Floribert, ambaye ni mtu wa kunawa mikono kabla haijachafuka, akamwambia Bibiane akae nyumbani mpaka kamati itakapokutana, tarehe kumi na moja mwezi ujao.

Bibiane akavua koti lake jeupe, akalitundika msumarini. Alinitazama. Mimi nilitazama mvua.

Sikumbuki vizuri. Ndivyo nilivyosema, ndivyo ninavyoandika.

Jumanne, 14 Novemba

Nimekasirika na Bibiane. Angenishtaki waziwazi, kwa kelele, ningekana, tungegombana kama watu, ingekwisha. Alinitazama tu. Mwanamke mwenye mdomo kama ule, siku inayohitaji mdomo, ananitazama!

Alhamisi, 16 Novemba

Chai hakuna. Kitabu naandika mwenyewe, nimekigandamiza kwa jiwe.

Jumamosi, 18 Novemba

Salongo. Tulikuwa tunajaza mawe pale barabara ilipokatika, na Eulalie alikuwa ameketi juu ya kilima kidogo cha mchanga, fimbo magotini, anangoja dada yake amalize kupandisha mzigo wake na kurudi kuchukua wa pili. Dada mmoja, mizigo miwili. Nikageuza uso. Akaniona.

"Infirmier! Aksanti kwa siku ile. Homa iliisha kabisa."

Nikaangusha jiwe juu ya mguu wangu mwenyewe. Kila mtu alicheka. Nilimtukana mwenye jiwe, nikamtukana aliyeanzisha salongo, hilo la pili kwa sauti ya chini sana.

Jumamosi, 25 Novemba

Wiki nzima ya kuvunja. Kikombe, glasi, sahani ya maua ya arusi yetu. Nimempigia Delphine kelele kwa kuwa alinisaidia kufunga kiatu bila kuombwa.

Séraphine alingoja nimalize kula. Halafu:

"Siku ile, nani alipiga?"

"Ukitaka kuwa polisi, omba uniforme."

Akaondoa sahani. Alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia meza, akakikunja mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka kikawa kidogo kama kidonge.

"Nimekuuliza mara moja," akasema. "Sitauliza mara ya pili."

Hasira yake ni ya baridi, yangu ni ya moto. Yangu inaunguza mimi peke yangu, na hata hilo linanikasirisha.

Jumamosi, 2 Desemba

Bibiane amekuja nyumbani.

Hakukubali kuketi. Séraphine alimletea chai, kikombe kizima. Kabla ya kumpa alionja, na akaonja tena, funda kubwa, mbele yangu. Bibiane akaona. Akakipokea kwa mikono miwili, akakishika tu.

"Maman Séraphine," akasema, "sikukuja kwa ugomvi na wewe. Nimekuja kwa huyu."

"Sema," mke wangu akasema. Hakutoka chumbani.

"Papa Philémon, wiki tatu siko na kazi. Kwenye bomba la maji wanawake wanatoa ndoo zao nikifika. Mutoto wangu wa kike ameambiwa shuleni mama yake iko na mukono mubaya. Juzi padri amenipa komunyo haraka haraka, kama anampa mbwa mfupa. Yote hii nabeba juu ya nini?"

"Bibiane, kamati bado..."

"Usiniambie kamati! Miye nilikuficha. Nilipunguza chai ili usiaibike. Nilivuta kitabu ili Floribert asione maandishi yako. Watoto wadogo, wale wenye mishipa ya uzi, nilikuwa nakuambia 'Papa, kaa, huyu ananipenda miye', nikawapiga miye. Ulifikiri watoto wote wa Kadutu wamenipenda siku moja?"

Nilifikiri hivyo. Mungu anisamehe, nilifikiri kweli hivyo.

"Nilifanya vibaya," akasema. "Ningekuacha umwage chai mbele ya benchi nzima mwezi wa saba, leo Eulalie angekuwa anatembea. Hilo ni kosa langu, nitalijibu kwa Mungu. Lakini sindano si yangu. Sikuombi unihurumie. Nakuomba useme."

Akaweka kikombe mezani bila kunywa, akaenda na mvua.

Mkono wa kushoto ulikuwa unatikisa goti langu, goti linatikisa meza, na chai yake ikawa inaruka ukingoni, tone, tone. Séraphine alisimama kuangalia mpaka kikombe kilipofika nusu.

Jumapili, 3 Desemba, hadi Jumapili, 10 Desemba

Sikuandika.

Jumatatu, 11 Desemba

Daktari Bulonza, yale ya juu uliyasoma mpaka tarehe 24 ya mwezi wa kumi. Yasome tena, na kila ulipoona "Mkono: salama", piga mstari. Nilikuwa nakuandikia wewe, na wewe ndiye mtu wa mwisho niliyetaka ajue. Sasa nitaeleza jinsi mambo yalivyokuwa.

Kazi iliguswa mwezi wa sita, kabla hujanikunja viwiko. Nilivunja chupa tatu za pensilini kwa wiki moja, nikasema sanduku lilifika na ufa. Uliponiuliza mwezi wa nane, nilidanganya. Uliponiuliza mwezi wa kumi, nilidanganya tena na kukuchekesha juu yake.

Ile hesabu ya pansheni niliiamini kwa nusu. Nusu nyingine ni hii: kumeza kidonge cha kwanza ni kusema kwamba Mukono wa Pamba amekwisha. Nilitaka kuendelea kuitwa hivyo mwaka mmoja zaidi. Na watu wakiniuliza "Kwa nini usianze?" nilikasirika, kwa sababu hasira ni jibu ambalo watu hawaliulizi swali la pili.

Tarehe saba ya mwezi wa kumi na moja, Eulalie alikuwa wa sitini na kitu. Ulifundishwa kama mimi: mkono wa kushoto unashika tako, unachora msalaba, unatafuta robo ya juu, ya nje. Mkono wa kuume unapiga pale wa kushoto ulipoonyesha. Benchi lilikuwa limejaa mpaka pazia halifungi vizuri, na wanawake wawili walikuwa wanachungulia. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa mfukoni. Sikuutoa. Nilipima kwa macho.

Nilipiga chini mno, karibu na katikati. Eulalie akatoa ukelele, na mguu ukaruka kama umeguswa na umeme. Muuguzi wa miaka ishirini na sita anaujua ukelele ule. Nilipaswa kuchomoa sindano palepale. Lakini kuchomoa ilikuwa ni kukiri mbele ya wanawake wale wawili. Nikasukuma dawa yote mpaka mwisho. Bibiane, mezani, aliinua kichwa. Nikamwambia: "Andika." Akaandika.

Ndivyo ilivyokuwa. Nilikumbuka kila siku, hata siku niliyosema sikumbuki.

Leo saa mbili, kabla kamati haijaketi, nimesimama mbele ya Floribert, Bibiane, na wale wote wa kwenye benchi, nikatoa mkono wa kushoto mfukoni, nikauacha ucheze. Nikasema yote, na habari za chai pia, na pazia. Nilichukua muda mrefu. Mzee mmoja alisema "Pole", dada yake Eulalie alisema neno ambalo sitaliandika, na alikuwa na haki. Floribert aliuliza: "Citoyen, unajua unachosema?" Nikamwambia ni mara ya kwanza tangu mwezi wa sita. Sitapiga tena sindano; nitakaa kwenye karatasi na jiwe langu, kama hawatanifukuza. Wataamua.

Bibiane alichukua koti lake msumarini, akalivaa, akafunga vifungo vyote kwa haraka ile ninayoionea wivu, akaingia chumba cha uzazi. Hakunitazama. Sikustahili.

Kidonge cha kwanza nimekimeza leo alfajiri, kabla ya kwenda. Séraphine alinipa maji. Hakuna muujiza, kichefuchefu kidogo. Naandika ili ujue tarehe.

Saa nane nilikwenda kwa Eulalie, nyumba ya mabati kwenye mteremko, juu ya mfereji. Dada yake alikuwa bado sokoni. Eulalie aliketi mlangoni anamenya mihogo ya watu wengine, mguu umenyooshwa mbele kama si wake. Nikamwambia wewe, daktari, utauangalia, na kwamba unaweza kurudi kidogo, unaweza usirudi. Kisha nikamwambia mengine.

"Sindano ile nilipiga miye. Si Bibiane. Mukono wa kushoto ulikuwa mufukoni, juu unatetemeka, na sikutaka muuone."

Akaacha kumenya.

"Uko na ugonjwa?"

"Niko nao."

"Hauna dawa?"

"Iko."

"Ilikuwa wapi?"

"Nyumbani, juu ya kabati. Tangu mwezi wa nane. Nilikuwa nangoja."

"Unangoja nini?"

Nikaanza kumweleza. Miaka mitano, miaka sita, pansheni, wakubwa wa Ulaya wanaobishana. Nilipofika katikati nikasikia sauti yangu mwenyewe, nikaacha.

Alinitazama usoni, kisha akautazama mkono, ambao ulikuwa unacheza mbele yake bila haya.

"Miye," akasema, "homa ilinishika asubuhi. Saa ine nilikuwa kwenye benchi yako."